Rangi za Mama Zilizohama

6 Machi

Mvua za mwaka huu zimeanzia kwenye laptop ya Mama. Kuna tundu kwenye bati la chumba chake ambalo fundi paa aliapa kuwa ameliziba. Ameliziba kweli, ila maji hayakuarifiwa. Yamepita palepale yakamiminika juu ya herufi, Mama akiwa jikoni anachemsha chai. Amenipigia simu dukani kwa sauti ile anayotumia kutangaza misiba: "Imekufa."

Niandike hapa ili atakayesoma asidhani tunalilia chuma. Mama alikuwa mchapaji wa ofisi, na jioni alikuwa mdarizi. Viungo vya vidole vilipoanza kuvimba, sindano ikamshinda. Mtu mwingine angekaa akashika tama. Yeye alihamia kwenye programu ya majedwali: kila kisanduku cha jedwali ni mshono mmoja, anakitia rangi, visanduku vikijaa unaona ua, au jogoo. Mimi namchapishia kwenye duka langu la fotokopi, na kina mama wa kikundi chake wanashona kwa kufuata karatasi. Hiyo laptop ndiyo sindano yake.

Na imekufa wakati mbaya. Kikundi kimeombwa kitambaa kikubwa cha ukuta wa wodi mpya ya wazazi, itakayofunguliwa mvua zikikatika. Mchoro ni wa Mama. Alikuwa anataka kukusanya ndege na maua yake ya miaka yote awapange upya kwenye kitambaa kimoja.

9 Machi

Shemeji, mume wa mdogo wangu, ameleta laptop mpya kabisa, bado ina harufu ya dukani. Ameifungua mbele yetu taratibu kama anamvua bibi harusi shela. "Mama mkwe wangu hawezi kutumia makumbusho," akasema. Mama akamshukuru mara tatu. Mimi pia nilimshukuru, ingawa Shemeji akifanya jambo jema huwa unalisikia mpaka mwaka unaofuata.

10 Machi

Mvua. Mteja mmoja tu dukani, naye alikuja kujikinga.

13 Machi

Mama na laptop mpya hawajaelewana. Programu ya majedwali ipo, lakini mle ndani kila kitu kimehamishwa. Orodha alizokuwa akizifungua kwa vidole viwili huku macho yake yakiwa kwenye karatasi, sasa zimekuwa mkanda wa vijipicha juu ya skrini.

"Nani alikuja kupanga upya jikoni kwangu?" ananiuliza.

"Ndiyo maendeleo hayo, Mama."

"Maendeleo yangeuliza kwanza."

18 Machi

Leo nimecheka na nimejuta kucheka. Mama amemaliza mchoro wa majaribio, mtoto mchanga kwenye shuka. Nikauchapisha dukani, kina mama wakiwa wamekuja kuuona. Karatasi ikatoka: shuka la kahawia, mtoto uso wa kijani kibichi. Duka zima likaangua kicheko. Mmoja akasema huyo mtoto arudishwe tumboni aive kwanza. Nami nikacheka, Mama akiwa mlangoni anakunja mwavuli.

Kosa lenyewe lilikuwa letu hasa, halimtokei mtu mwingine. Skrini ya laptop ya zamani ilichoka siku nyingi, kila kitu kilikuwa na ukijani, kwa hiyo Mama alikwisha kuacha kuziamini rangi anazoziona. Anachagua kwa mahali. Safu ya tatu, ya pili kutoka kushoto, ni uzi wa uso. Safu ya kwanza mwishoni, majani. Hata kopo lake la nyuzi limepangwa hivyohivyo. Programu mpya imezipanga rangi vingine, na Mama amekwenda palepale anapopajua, akakuta pana mtu mwingine.

Nilimweleza njiani. Alisema tu kwamba matope mwaka huu ni mengi.

20 Machi

Laptop mpya imefunikwa kitambaa. Mama anapanga kabati ambalo lilikuwa limepangwa.

23 Machi

Katibu wa kikundi amekuja nyumbani. Ni mama mnene mchangamfu ambaye hajui kusema kwa sauti ndogo, hata siri anazitangaza.

"Wasichana wamepata mchoro kwenye simu," akasema. "Mama amebeba mtoto, umeshapangwa kila kitu. Lakini sisi tunautaka wa kwako. Tunaweza kusubiri mpaka mwisho wa Aprili. Zaidi ya hapo sindano hazitawahi."

"Chukueni huohuo wa kwenye simu," Mama akasema. "Mimi nimeshachora vya kutosha."

Katibu alinitazama, nikatazama ukuta. Mama hajawahi kusema vya kutosha, hata kwa sukari. Niliumia sana. Nilimuona jinsi alivyoficha vidole vyake ndani ya mtandio, akawa mtu mzee ghafla, mtu ambaye mimi simfahamu na sitaki kumfahamu.

Nimeamua. Kama Mama hawezi kwenda kwenye programu mpya, programu ya zamani itarudi kwa Mama. Na sitamwambia. Nitamshtukiza.

26 Machi

Nimempelekea laptop mpya Fundi wa kompyuta mwenye kibanda karibu na duka langu. Jina lake hakuna anayelijua, sote tunamwita Subiri Kidogo, maana ndiyo salamu yake, ndiyo jibu lake, na ndiyo ankara yake.

"Nataka uondoe mfumo huu uniwekee ule wa zamani, na programu za ofisi za zamani juu yake."

"Dada, watu wananiletea za zamani niwawekee mpya."

"Mimi nimekuja kinyume."

"Subiri kidogo," akasema, akachomeka kifaa cha kusomea CD. Tulisubiri si kidogo. Maandishi meupe yakatokea kwenye skrini ya buluu, yakasema kwamba ndani ya mashine hii hakuna diski yoyote ya kuhifadhia. Diski ipo, tunajua ipo, lakini mfumo ule ulitengenezwa kabla diski za aina hii hazijakuwepo, kwa hiyo hauioni. Akanieleza kwa upole kwamba hata tukilazimisha, kipanya hakitatembea na sauti haitatoka. Laptop mpya haiwezi kurudishwa utotoni.

Shauri lake: atafute laptop kuukuu iliyo nzima, achukue diski ya ile iliyonyeshewa, aitie humo. Diski haikuguswa na maji.

27 Machi

Shemeji amesikia. Amempigia mdogo wangu, mdogo wangu amenipigia mimi. Zawadi yake imekuwa haifai, eti nimeipeleka kwa fundi wa mtaani ichokonolewe. Nimejibu kwamba haijachokonolewa, imekataa yenyewe. Jibu hilo halikusaidia.

1 Aprili

Mvua mfululizo. Subiri Kidogo amepata laptop. Nzito kama tofali, na inafanya kazi.

3 Aprili

Ameitia diski ya Mama. Inawaka, inaonyesha nembo, inapiga skrini ya buluu, inazima. Mfumo umejikuta kwenye mwili usio wake na umepata kiwewe. Lazima ufutwe, uwekwe upya. "Kabla sijafuta," ameniambia, "chukua diski hii unakili kila unachotaka kibaki. Nikishafuta, nimefuta."

Kilichobaki ni diski ya programu za ofisi, ile CD ya mviringo. Nilikumbuka kwamba Mama aliinunua zamani ikiwa kwenye boksi lake. Alipotoka kwenda zahanati nikapekua. Boksi nimelipata: limejaa nyuzi. Diski yenyewe nimeipata kwenye kapu la vitambaa, imepakaa chaki pande zote. Mama alikuwa akiitumia kuchorea miduara.

Nimeiosha kwa sabuni na maji ya vuguvugu kama ninavyoosha miwani, nikaikausha kwa kanga laini.

5 Aprili

Nimenakili diski ya Mama kwenye kompyuta ya dukani. Sehemu yote ya D, ile ya kuhifadhia mafaili, na folda yote ya nyaraka. Nimefanya mara mbili kwa uhakika. Najisifu.

6 Aprili

Siku nzuri sana. Nilifunga duka mchana nikaenda kukaa kibandani kwa Subiri Kidogo tushuhudie pamoja.

Akafuta. Mstari wa manjano ukatembea polepole, tukanywa chai. Mfumo ukauliza lugha, ukauliza mahali tulipo, ukauliza jina la mwenye mashine, nikaandika MAMA kwa herufi kubwa. Mashine ilipowaka saa yake ilidai tuko mwaka ambao mimi nilikuwa bado nasoma. Nikamwambia Fundi aiache hivyohivyo, nilikuwa mwembamba. Akacheka, akairekebisha.

Kisha diski ya ofisi. Iliingia, ikaunguruma, ikakwama katikati, pale pale ambapo chaki ilikuwa nyingi. Nilikuwa nimeshika ukingo wa meza. Subiri Kidogo akaitoa, akaipangusa kutoka katikati kwenda nje, hakuzungusha, akairudisha. Safari hii ikapita. Namba ya kibali tuliisoma nyuma ya boksi la nyuzi, nayo ikakubaliwa.

Nikafungua majedwali. Nikabonyeza pale pa rangi. Zikajitokeza zote kwenye safu zao, na ya tatu, ya pili kutoka kushoto, ilikuwa kahawia. Nilimkumbatia Fundi. Alibaki ameshikilia bisibisi hewani, masikini, hajui aiweke wapi.

7 Aprili

Sijui nianzie wapi.

Asubuhi nilimwekea Mama laptop mezani nikaifunika kwa kitambaa. Nikamwita. Alipofunua na kuona ile skrini ya mwanzo, kilima na mawingu, alikaa kwenye kiti kabla hajakitazama kiko wapi. Vidole vyake vilikwenda vyenyewe. Orodha ikafunguka, ikashuka, rangi zikatokea, akajaza safu nzima ya visanduku mimi sijamaliza kuvuta pumzi. Uso wake ulikuwa umechangamka, kama alivyokuwa akinichorea vitu nikiwa mdogo. Nilijiona mtoto bora kuliko watoto wote waliowahi kuzaliwa.

Halafu akafunga jedwali, akarudi kwenye kile kilima. Akatazama kulia, akatazama kushoto.

"Ndege wangu wako wapi?"

"Wako D, Mama. Nimewarudisha wote. Na folda ya nyaraka."

Akafungua D. Kulikuwa na barua zangu za zamani za kuomba kazi na picha za harusi ya mdogo wangu. Akafungua nyaraka. Tupu.

"Mimi sijawahi kuweka kitu humu," akasema. "Vyangu vyote vilikuwa hapa mbele." Akagusa skrini, juu ya mawingu. "Hapa. Nikikiweka ndani sikioni tena."

Alikuwa akiweka kila kitu pale pa kwanza panapoonekana ukiwasha kompyuta, jinsi anavyotandaza vitambaa vyote mezani wala hakunji. Na hapo mbele ni sehemu ya C, ile tuliyoifuta. Yeyote aliyewahi kukaa naye chumba kimoja angejua. Mimi nimekaa naye maisha yangu yote. Swali moja tu lingetosha, na sikuuliza kwa sababu nilitaka kumshtukiza.

Nikamwambia ukweli wote, tangu kibandani mpaka ule mstari wa manjano. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Basi," akasema. Akainuka akaenda kuanua nguo, na nje mvua ilikuwa haijaanza.

Nilijifungia chooni nikalia kama mtoto wa shule.

8 Aprili

Subiri Kidogo ameacha kazi zote anajaribu kufufua. Leo hakusema subiri kidogo hata mara moja, na hilo limenitisha zaidi.

9 Aprili

Mama anasema "ndiyo", "hapana" na "funga mlango".

10 Aprili

Fundi amepata majina tu. Mafaili yanaonekana, ukiyafungua ni takataka, alama na herufi zisizo na mpango. Nilichapisha karatasi ya majina nikampelekea Mama, sikuwa na kingine cha kumpelekea. Nilimsomea nikiwa nimesimama mlangoni, mguu mmoja nje.

"Ndege mpya. Ndege mpya halisi. Ndege wa mwisho. Ndege wa mwisho kabisa."

Mama akatoa sauti puani. Sikuwa na hakika kama ni kicheko.

"Endelea."

"Jogoo mwenye hasira."

"Huyo mkia ulichomoza vibaya. Yuko kwenye mto wa Katibu."

"Yuko wapi?"

"Kwenye mto wake wa sebuleni, anaukalia kila siku na lile umbo lake. Soma."

"Maua ya mwanangu mdogo."

"Pazia la jikoni kwake. Soma."

Nikasoma zote. Kila jina alijua limeshonwa na nani, liko nyumba gani, linafunika nini. Nilipomaliza alikuwa amesimama.

"Mpigie Katibu," akasema. "Mwambie walete vitambaa vyote. Vifuliwe kwanza."

13 Aprili

Nyumba imejaa. Mito, mapazia, shuka, vitambaa vya meza, hata aproni moja yenye doa la mafuta. Wanawake wanaingia na miavuli inayochuruzika, na Katibu anawapanga kwa kelele.

Kazi inakwenda hivi: mmoja anashika kitambaa karibu na dirisha, anasoma mishono safu kwa safu. "Nyekundu tatu, nyeupe moja, kijani mbili." Mama anajaza visanduku. Vidole vyake vikichoka, najaza mimi, na yeye ananikaripia.

Sasa, jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Mama hakuwahi kukagua vitambaa vilivyokamilika mshono kwa mshono. Leo ndiyo mara ya kwanza, na ndege wake hawafanani na alivyowachora.

"Nani amempa ndege wangu mguu wa tatu?"

Mwisho sauti ndogo ikatoka nyuma: "Ni mimi. Mtoto alikuwa analia, nikapoteza hesabu. Kufumua nikaona uvivu."

"Na huyu mwenye jicho la njano?"

"Uzi mweusi uliniishia," akasema mwingine, "na duka lilikuwa limefungwa."

"Na hiki kifaranga? Mimi sikuchora kifaranga."

Hapo Katibu mwenyewe akainamisha kichwa. "Jogoo alionekana mpweke," akasema, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu nilipata shida kumsikia.

Mama alivua miwani. Nilijua kinachokuja, nimelelewa nacho, nikasogea karibu na mlango. Alimtazama kifaranga muda mrefu. Akavaa miwani.

"Soma," akaniambia. "Na kifaranga msome. Na ule mguu. Yote yaingie kama yalivyo."

15 Aprili

Tunasoma. Sauti imenikauka.

18 Aprili

Shemeji alikuja kumchukua mdogo wangu aliyekuwa anasoma pazia lake. Alisimama akiwa na funguo za gari mkononi, amenuna kiheshima. Mama akamwambia, "Baba, una macho mazuri, njoo unisomee." Akakaa "dakika mbili". Ameondoka jua limezama, na ndiye msomaji bora tuliye naye: haruki safu, hakosei, na hasemi lolote lisilohusu uzi. Kumbe Shemeji ukimpa kazi anasahau kujisifu. Ameomba kuja tena Jumamosi. Laptop yake mpya ameichukua mdogo wangu, na wote wawili wanaonekana wamepumua.

24 Aprili

Mchoro umekamilika. Nimeuchapisha vipande vipande nikaviunganisha kwa gundi sakafuni dukani, wateja wakiruka juu yake. Ni bustani kubwa ya ndege, na kila ndege ana kasoro ya mtu fulani. Kina mama walipouona hakuna aliyecheka. Kila mmoja aliinama kumtafuta wa kwake.

Katibu alimuuliza Mama kama ule wa kwenye simu wautupe. "Huo ni wa nani tena?" Mama akajibu, akijitia hamnazo.

30 Aprili

Sindano zimeanza, siku ileile Katibu aliyoitaja.

11 Mei

Mvua kubwa. Fundi paa amekuja tena, ameapa tena. Nimehamisha meza ya Mama.

27 Mei

Mvua zimepungua. Wamemaliza kona tatu. Mama anakwenda kila siku kusimamia na kurudi amechoka na ana maneno ya wiki nzima.

8 Juni

Jua. Wodi imefunguliwa leo.

Kulikuwa na viti, hotuba na mganga mkuu aliyetoa shukrani kwa watu wote isipokuwa wale waliofanya kazi. Kitambaa kilijaza ukuta mzima mkabala na vitanda. Nilimtafuta Mama kwenye viti vya mbele, hayupo. Nikamkuta ukutani katikati ya hotuba, anahangaika na pindo la kitambaa.

"Mama, watu wanatazama."

"Niinulie hapa, vidole vyangu havishiki. Nataka kuona nyuma."

Nikainua. Tukachungulia wote wawili kama wezi, hotuba ikiendelea mgongoni kwetu. Nyuma palikuwa pasafi, mafundo madogo yamelala vizuri, isipokuwa sehemu moja ambako nyuzi zilikuwa zimekazwa hadi kitambaa kimejikunja.

"Katibu," Mama akanong'ona. "Anavuta uzi kama anavuta ndoo." Na akapapasa pale kwa upande wa kidole kilichovimba, kwa upole, kana kwamba panauma.

Kitanda cha karibu kilikuwa na msichana aliyejifungua jana, wa kwanza kuhamishiwa wodi hiyo. Alikuwa amemgeuza mwanawe aelekee ukutani, mtoto ambaye hata macho hajafungua.

"Bibi," akamwita Mama, "nani amechora hawa ndege?"

Nilitaka kumjibu mimi. Nilikuwa na hadithi nzima tayari: ya kikundi, ya vitambaa, ya laptop. Mama aliniachisha pindo mkononi, likaanguka mahali pake, akajinyoosha mtandio.

"Mimi," akasema.

Kisha akavuta kiti akaanza kumweleza, ndege mmoja baada ya mwingine, mpaka muuguzi akaja kutukumbusha kwamba mama mzazi anatakiwa kulala.